Logi za Seva: Buibui Wachujwe Lini?

Mwenye tovuti ndogo hapa Mwanza, tuseme ya ratiba za meli za Nansio na bei za dagaa wa Mwaloni Kirumba, akimwendea mwenye nyumba ya wageni kuomba tangazo, huulizwa kwanza ni watu wangapi wanaoifungua kwa siku. Akijibu kwa kuhesabu mistari ya logi ya seva, yaani faili ambamo kompyuta inayohifadhi tovuti huandika kila ombi la kufungua ukurasa, atakuwa amewahesabu pia buibui: Googlebot, bingbot na jamaa zao, programu zinazojisomea kurasa kwa ajili ya injini za utafutaji, ambao hawapandi meli wala hawalali Ukerewe. Ndiyo maana mafundi wengi hushauri buibui hao wasiandikwe kabisa, na programu za seva kama Apache na Nginx huruhusu hilo kwa mistari michache ya mipangilio.

Ushauri huo una uzito: faili hubaki dogo, diski ya seva ya kukodi haijai upesi, na mtangazaji hapewi hesabu iliyovimba. Sina ugomvi na kuchuja; ugomvi wangu ni wakati wa kuchuja.

Wanaotaka kila ombi liandikwe, kisha uchujaji ufanyike wakati wa kusoma, huonekana kama warundikaji wa takataka, nami naona hawajasikilizwa vya kutosha. Buibui hutambuliwa kwa jina analojitaja mwenyewe katika kila ombi, na seva hailikagui jina hilo. Programu yoyote inaweza kujiita Googlebot, kama ambavyo yeyote anaweza kuvaa kizibao cha wafanyakazi wa bandari akapita getini. Google yenyewe imeeleza namna ya kuhakiki: DNS, yaani daftari la mtandao linalounganisha majina na anwani, huulizwa jina la anwani ya IP (namba ya kifaa kwenye mtandao) iliyotuma ombi, jina hilo likiishia na googlebot.com au google.com huulizwa tena linaelekea anwani ipi, na jibu likirudi palepale, mgeni ni wa kweli. Anayechuja kwa jina wakati wa kuandika hana tena cha kuhakiki. Mtu anayejaribu nywila kwenye ukurasa wa msimamizi huku akijiita Googlebot anafichwa na kanuni aliyoiweka mwenye tovuti, na asubuhi kurasa zikikutwa zimebadilishwa, hakuna anwani, hakuna saa, hakuna hata mstari wa kuanzia uchunguzi. Buibui halisi hakupata faida yoyote kwa kufutwa. Aliyefaidika ni mwizi.

Hata buibui halisi ana ushahidi wake: akipewa msimbo 500, yaani hitilafu ya seva, kila anapofika kwenye ukurasa wa bei, hapo ndipo pa kuanza kutafuta kwa nini ukurasa huo hauonekani kwenye utafutaji.

Wapo wanaosema basi tuchuje kwa wingi wa maombi kutoka anwani moja. Huku ziwani, ambako wengi huingia mtandaoni kwa simu, kampuni za simu huweza kuwapitisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya IP, hivyo anwani yenye pilikapilika alfajiri huenda ikawa ni wachuuzi wanaoulizia bei ya dagaa.

Gharama ya diski ni ya kweli, lakini logi ni maandishi matupu yanayobanwa vizuri sana kwa gzip, programu ya kupunguza ukubwa wa faili, na za zamani zinaweza kufutwa kwa ratiba. Kanuni ya kuchuja nayo hukosea: iliyoandikwa kukamata kila jina lenye herufi «bot», bila kujali kubwa au ndogo, humkamata pia mwenye simu ya chapa ya Cubot. Kosa hilo likigunduliwa kwenye logi kamili, hesabu hurudiwa jioni hiyohiyo. Likigunduliwa baada ya mistari kutoandikwa, msomaji huyo hakuwahi kuwapo.