Daktari, andika sentensi nzima

"Anatumia opioidi," yaani dawa za jamii ya mofini na heroini. Maneno mawili, nukta, sahihi ya daktari. Nikikuta faili la namna hii hasira hunipanda. Anatumiaje? Ameandikiwa mofini kwa maumivu ya saratani, au anasaka heroini kila asubuhi asishikwe na arosto? Mimi ninayeweka misimbo ya magonjwa, zile herufi na namba za kila ugonjwa kwenye faili, siruhusiwi kubahatisha. Nafuata alichoandika daktari.

Katika ICD-10-CM, mfumo wa Marekani wa misimbo hiyo, anayemeza dawa hizi muda mrefu kwa maumivu, bila uraibu, hupewa Z79.891. Tegemezi wa opioidi asiye na tatizo jingine la ziada ni F11.20. Wakichanganywa, mgonjwa wa kwanza atatiliwa shaka kila aendako. Siku akivunjika mguu, daktari asiyemjua atasoma faili kabla ya kumtazama usoni.

Mkanganyiko unaeleweka. Mwili uliozoea mofini hudai dozi kubwa zaidi, na dawa ikikatwa ghafla mtu hutokwa jasho, hutapika, huharisha. Ukimtazama utasema huyu keshanasa. Lakini DSM-5, mwongozo wa Marekani wa utambuzi wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013, uko wazi: usugu huo wa mwili na arosto havihesabiwi kwa anayetumia dawa kama alivyoelekezwa, chini ya uangalizi wa daktari. Vigezo vya uraibu ni 11. Viwili au vitatu ni hali nyepesi, vinne au vitano ya kati, kuanzia sita ni kali. Kwa hiyo usiniandikie "kali" tupu. Andika: "Amejaribu kuacha akashindwa, kazini haendi, anaendelea ingawa anajua inamdhuru." Mstari huo nauthamini kuliko ukurasa mzima wa vifupisho.

Wanaoonewa zaidi, kwa maoni yangu, ni waliopata nafuu. Mtu akikaa miezi 3 bila kigezo chochote, ukiacha ile hamu ya kutumia, yuko kwenye nafuu ya awali hata kama bado anatumia methadoni au buprenofini, dawa za kutibu uraibu huo, na kwa aliyekuwa tegemezi msimbo ni F11.21. Ila lazima daktari aitamke hiyo nafuu kwa maandishi. Badala yake programu ya kompyuta inanakili maelezo ya ziara iliyopita, na mtu anabaki na hali yake ya zamani mwaka hadi mwaka, kana kwamba hajapiga hatua.

Palipo na utata, mweka misimbo amuulize daktari bila kumtilia jibu mdomoni. Na daktari ajibu ndani ya faili, si kwenye korido akiwa mbioni.