Birmingham Ilivyokabwa na Barabara Yake

Inanikera kwamba kila foleni inapotajwa, hakosekani mtu wa kutuambia kuwa dawa ni barabara ya mzunguko, yaani ya kuuzunguka mji, kana kwamba hapo inapopita hapaishi mtu. Tangu Dodoma ianze kujengewa ya kwake, yenye urefu wa kilomita 112.3, sifa zimetangulia lami. Nawaomba wasifiaji hao waitazame kwanza Birmingham, Uingereza.

Herbert Manzoni, mhandisi wa jiji hilo kuanzia 1935 hadi 1963, alikuwa na sheria ya Bunge mkononi tangu 1946, ya kujenga barabara ya kuzunguka katikati ya mji. Ujenzi ulianza 1957, na mwaka 1971 Malkia Elizabeth wa Pili akaifungua barabara rasmi. Katika hotuba yake aliipa barabara nzima jina la Queensway, ambalo lilikusudiwa sehemu moja tu yenye handaki, na jina hilo likabaki mpaka leo. Kumbe mpango wa Birmingham uliweza kubadilishwa kwa kauli ya mtu mmoja. Ilitegemea tu ni kauli ya nani.

Wenye karakana katika mtaa wa mafundi wa bunduki, ambao barabara hiyo iliukata, hawakuwa na kauli ya namna hiyo. Bunduki zenyewe siziombolezi, kwa maana nyingi zilikuja Afrika zikabadilishwa kwa watu. Ninaloombolezea ni namna mtaa ule ulivyofanya kazi. Mtutu ulitengenezwa kwa fundi mmoja, kitako kwa mwingine, kifyatulio kwa wa tatu, na kipande kilibebwa mkononi kutoka mlango hadi mlango, kwa kuwa mafundi wote walikuwa majirani. Kazi kama hiyo haina maisha pasipo kichochoro cha kupita kwa miguu. Barabara ilipopasua katikati, karakana zikabomolewa, zilizosalia zikatengwa na mji, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Chad, lililokamilika 1841, likajikuta kando ya magari yasiyokoma. Wenye magari wakapewa jua na hewa, waenda kwa miguu wakateremshwa kwenye vijia vya chini ya ardhi, na huo ukaitwa mpango miji! Wenyeji wenyewe waliibandika barabara ile jina la kola ya zege.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba biashara ya bunduki ilikuwa imekwisha kupungua, na kwamba nyumba nyingi za zamani, zilizopeana migongo na kuchangia vyoo uani, hazikustahili kuishi binadamu. Lakini nyumba mbovu hujengwa upya. Haikulazimu mtaa uwekwe nje ya ukuta wa magari. Jiji lenyewe liliungama kwa vitendo, kwani mwanzoni mwa miaka ya 2000 lilibomoa makutano ya Masshouse, kipande cha barabara hiyo hiyo, ili mji upumue upande wa mashariki, yaani likalipia kubomoa kile lilicholipia kujenga.

Nitajibiwa kwamba ya Dodoma inapita mbali, Nala, Veyula na Mtumba, na ni kweli, leo ni mbali. Miji haikai ilipowekwa, na huko mbali pia kuna watu. Basi anayeisifu barabara hiyo atuonyeshe kwenye mchoro mahali ambapo mkazi wa Veyula atavuka kwenda shambani kwake, juu ya ardhi, bila kukimbizana na malori.