Nani anaumia meli zikisimama Irrawaddy?

Meli ya watalii inaposhuka Irrawaddy wakati wa kiangazi, vijana wawili husimama omo, mmoja kila ubavu, na pondo za mianzi zilizopakwa mistari ya rangi. Wanachovya, wanasoma kina, wanapaza sauti. Kwenye usukani nahodha anawasikiliza, na kando yake yupo rubani wa eneo lile, mtu wa kingo za hapo hapo, anayepanda kwa kipande cha mto anachokijua na kushuka kikiisha ili mwenzake apokee. Mto huu hauna mkondo wa kudumu. Mvua kubwa zikishapita, mafungu ya mchanga yanakuwa yamehama, na njia iliyopitika mwaka jana huenda mwaka huu ni ufuko wa ng'ombe kunywea maji. Elimu ya rubani ni ya msimu kwa msimu. Akikaa miaka mitatu bila kushuka, anakuwa mgeni mtoni kwao.

Naanza na watu hawa kwa sababu katika ubishi kuhusu safari ndefu za mto huu, huko Myanmar, nchi ambayo wazee wetu waliiita Bama, wao ndio wasiotajwa. Ubishi wenyewe ni huu: tangu wanajeshi wanyakue madaraka tarehe 1 Februari 2021, je, ni halali mtu kulipa nauli, kulala melini wiki mbili na kutembezwa kwenye urithi wa taifa lile? Wapo wanaosema kufanya hivyo ni kuwanunulia majenerali risasi. Wapo wanaosema kususia ni kuwanyima riziki walio kingoni. Hawa wa pili siku hizi wanachukuliwa kuwa wapiga debe wa mashirika ya utalii, na hapo ndipo sikubaliani.

Safari kamili ilikuwa ya takriban siku 14, baina ya Pyay upande wa kusini na Bhamo upande wa kaskazini, si mbali na mpaka wa China. Njiani kuna Sri Ksetra, mji wa kale wa Wapyu ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2014. Kuna Bagan, yenye mahekalu, stupa (minara ya ibada ya Wabuddha) na magofu zaidi ya 3,500, mengi ya karne ya 11 hadi ya 13, iliyoingizwa mwaka 2019. Kuna Inwa na Amarapura, zilizokuwa miji mikuu ya wafalme, na Mingun yenye kengele ya tani 90 hivi.

Hoja ya wanaokataa ina mizizi, na anayeibeza hajaisoma historia. Mwaka 1990 wakazi wa Bagan ya Kale waliamriwa kuhama, wakapewa kiwanja kikavu kusini mwa hapo, ili mahekalu yabaki peke yake. Majenerali walipotangaza mwaka 1996 kuwa mwaka wa kuitembelea Myanmar, watu wa Mandalay walikuwa wamekwisha kufanyishwa kazi ya shuruti kuzoa tope kwenye handaki la maji linalozunguka kasri, lipendeze machoni pa wageni. Aung San Suu Kyi, wakati ule kiongozi wa upinzani, aliwaomba wageni wasije. Mwaka 2019 wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walionyesha kuwa makampuni mawili makubwa ya jeshi yanamiliki biashara zaidi ya 100, zikiwemo za utalii. Baada ya mapinduzi mambo yalizidi kuwa mabaya: zaidi ya watu milioni 3 wamekimbia makazi yao ndani ya nchi. Mikoa ya Sagaing na Magway, ambayo mto unaipitia, imechomewa vijiji. Katha na Bhamo, miji ya kaskazini, zimekuwa uwanja wa vita. Kwa hiyo mtu anayekuuzia leo safari kamili ya siku 14 anauza kitu ambacho hakipo. Kinachobaki ni kipande cha katikati, Mandalay hadi Bagan, na hata hicho hakina dhamana.

Na ada ya mlangoni Bagan inaingia serikalini. Viza ni ya serikali, kodi ni ya serikali. Hilo halina ubishi.

Lakini tupime kwa mizani iliyo sawa. Kwa mwaka 2019 Myanmar ilihesabu wageni milioni 4.36, na takwimu hii hutumiwa na pande zote mbili: huyu akitaka kuonyesha jinsi utalii ulivyokuwa donge nono, yule akitaka kuonyesha hasara ilivyo kubwa. Ukiifungua, unakuta ndani yake umati wa watu waliovuka mpaka wa Thailand au China kwa miguu na kurudi kwao baada ya muda mfupi. Abiria wa meli za mtoni, zenye vyumba vichache vichache, walikuwa tone ndani ya hesabu hiyo. Fedha za kigeni zinazolibeba jeshi zinatoka kwingine, kwanza kabisa kwenye gesi ya baharini inayosukumwa kwa bomba hadi Thailand na China. Umoja wa Ulaya uliliwekea vikwazo shirika la serikali la mafuta na gesi mnamo Februari 2022, na hapo ndipo penye uzito. Meli ikisimama, jenerali hakosi kitu anachoweza kukihisi. Fundi wa Myinkaba anakosa mwaka mzima.

Huyo fundi nitamwelezea taratibu, maana hoja yangu yote imo ndani ya bakuli lake. Myinkaba ni kijiji kusini mwa Bagan ya Kale. Bakuli bora la pale husukwa kwa fito nyembamba za mianzi na singa za farasi, likawa laini kiasi kwamba ukibana midomo yake kwa vidole inagusana, ukiiachia inarudi duara bila ufa. Kisha linapakwa thitsi, utomvu wa mti unaogeuka mweusi ukipata hewa. Utomvu huu haukauki juani kama rangi ya dirisha. Unahitaji unyevu na giza, kwa hiyo bakuli hushushwa kwenye ghala la chini ya ardhi, hukaa huko siku kadhaa, hutolewa, husuguliwa, hupakwa tena na kurudishwa shimoni. Mara nyingi. Ndipo mchoraji, mara nyingi mwanamke, anaposhika kalamu ya chuma na kuchanja picha bila kuchora kwanza kwa penseli. Rangi moja inajazwa na kufutwa, bakuli linarudi shimoni, inachanjwa ya pili. Bakuli zuri huchukua miezi sita, jingine mwaka.

Sasa fikiria maana yake kibiashara. Hoteli ikifungwa leo inaweza kufunguliwa mwakani. Vitanda havisahau kazi yao. Fundi huyu ameshawekeza utomvu, mianzi na mishahara ya nusu mwaka kabla ya kuona senti. Mnunuzi wake hakuwa jirani, kwa sababu jirani anatumia plastiki. Mnunuzi alikuwa mtu anayeshuka kwenye gati akiwa na saa mbili za kupita karakana kwa karakana. Msimu wa kwanza bila wageni, ule wa korona, uliila akiba. Uliofuata ulikuta mapinduzi yamekwisha kutokea. Kijana aliyepaswa kukaa miaka kadhaa akijifunza kuchanja anavuka kwenda Thailand kufanya kazi ya ujenzi, na tangu jeshi litangaze mwaka 2024 kuandikisha vijana kwa lazima, sababu za kuondoka zimekuwa mbili. Bagan ina chuo cha ufundi huu tangu 1924. Chuo kinaweza kubaki wazi. Mkono ulioacha kuchanja miaka sita haurudi na wepesi wake.

Wanaosusia husema mahekalu yamengoja miaka 900, yatangoja na vita hivi viishe. Wanasema kweli kuhusu mahekalu. Wanayoyasahau ni mambo kama chungu cha Yandabo. Kijiji hicho watu wanakikumbuka kwa mkataba wa 1826 uliomaliza vita vya kwanza kati ya Waburma na Waingereza. Wenyeji wanakikumbuka kwa udongo wa ukingoni, unaochanganywa na mchanga wa mto na kuchomwa kwa lundo chini ya nyasi na majivu. Ndege haiendi Yandabo. Mgeni anayeruka Yangon, Mandalay, Bagan na kurudi, pesa yake inabaki uwanja wa ndege na hotelini. Meli, kwa sababu ya polepole yake, hufunga kamba kwenye mti na kushusha watu mahali pasipo na gati.

Kaskazini ya Mandalay kuna jambo jingine ambalo sijasikia likifanyika kwa namna ile sehemu nyingi duniani. Wavuvi wa pale huvua pamoja na pomboo wa mto. Mvuvi anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kijiti na kutoa sauti ya kooni. Pomboo wanakuja, wanalikusanya kundi la samaki na kulisukuma upande wake, wanampa ishara kwa mkia, naye anarusha kimia. Kila upande unapata chake. Eneo hilo lilitangazwa hifadhi mwaka 2005, na pomboo waliobaki mtoni hawafiki 100. Wageni walipokuwa wakija kuwatazama, mvuvi alikuwa na sababu ya fedha taslimu ya kuwachukia wanaovua kwa shoti ya umeme, uvuvi haramu unaowamaliza pomboo hao. Wageni hawaji tena. Shoti ya umeme bado ipo.

Upande wangu nao una doa. Abiria hula melini na kulala melini, na faida kubwa huenda kwa wenye meli, wengi wao wa nje. Tena kinachouzwa mara nyingi ni ndoto ya ukoloni: mbao za msaji, shaba iliyong'arishwa, kumbukumbu ya kampuni ya Waskoti iliyoanza mwaka 1865. Meli za kampuni hiyo ndizo zilizopandisha jeshi la Waingereza mwaka 1885 kwenda kumng'oa mfalme Thibaw kule Mandalay, na mwaka 1942 zikazamishwa makusudi zisishikwe na Wajapani. Mwaka 1945 Brigedi ya 28 ya Afrika Mashariki ilipigana ukingo wa magharibi wa mto huu, karibu na Seikpyu, na ukipita makaburi ya Taukkyan kwenye njia ya kutoka Yangon kwenda Pyay utasoma kwenye nguzo majina ya askari wa kwetu. Ni haki kwamba mwongoza wageni aseme hayo yote, na abiria adai ayasikie.

Na mawe nayo hayawezi kujitegemea. Tetemeko la Agosti 2016 liliharibu mahekalu takriban 400 Bagan. Yaliinuliwa na waashi wa pale pale. Tetemeko la tarehe 28 Machi 2025, la ukubwa wa 7.7, liliua zaidi ya watu 3,000, likaangusha daraja la Ava la mwaka 1934 na kuharibu vibaya majengo ya Inwa na Mingun. Safari hii waashi wametawanyika.

Kwa hiyo anayeniuliza kama aende, namwambia leo asinunue tiketi ya kwenda Bhamo, na asipande meli ambayo mwenyewe hawezi kumtaja mmiliki wake. Akiamua kwenda kipande cha Mandalay na Bagan, simlaumu wala simwiti msaliti, mradi anajua ada anayolipa inakwenda wapi na ameamua kutumia zaidi karakanani kuliko mlangoni. Akiamua kubaki kwake, namwomba aagize bakuli. Mafundi wa Myinkaba wanauza kwa simu siku hizi, intaneti ikiwepo, na agizo la leo lina kazi ya miezi sita ndani yake: kuna mtu atashuka shimoni nalo, atalitoa, atalisugua, atalirudisha.