Mwaka wa Mombasa haugawanyiki kwa mbili

Julai ikiingia tu, simu zinajaa mabango: "Nusu mwaka imekwisha, malengo yako yako wapi?" Chini yake jamaa wa suti amekunja mikono, na nambari ya kulipia semina. Kukagua malengo katikati ya mwaka ni jambo jema, haya, nimekubali. Kinachoniudhi ni hesabu wanayofundisha: chukua lengo la mwaka, gawanya kwa mbili, ukipungukiwa ongeza bidii. Mwenye hesabu hiyo hajawahi kukanyaga Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso Mombasa, kumi la mwisho la Ramadhani.

Chukua duka la leso na nguo lililojiwekea mauzo ya shilingi 3,600,000 kwa mwaka. Mwisho wa Juni limefikisha 1,900,000. Kwa hesabu ya semina limevuka nusu, mwenyewe apigiwe makofi. Sasa fungua madaftari ya miaka miwili mitatu nyuma. Ikiwa asilimia 60 ya mauzo huingia kabla ya Julai, kwa sababu ya harusi za kabla ya mfungo na Idi zote mbili, lilipaswa kuwa na 2,160,000. Liko nyuma kwa 260,000! Gawanya 1,900,000 kwa 0.6 uone mwaka unakoelekea: kama 3,170,000. Huyu aliyepigiwa makofi ndiye atakayekimbilia kuchukua mzigo wa mkopo Julai, kisha Oktoba mabunda yamlalie.

Mwenye vyumba vya wageni Nyali, anayetegemea likizo ya Agosti na Desemba, yuko upande wa pili. Lengo ni lile lile, amepata 1,500,000, na anajiona amefeli. Ikiwa nusu yake ya kwanza huleta asilimia 40, alihitaji 1,440,000 tu. Ametangulia kwa 60,000. Lakini kwa hofu anashusha bei Julai, wiki chache kabla ya familia za bara kufunga shule na kuteremka na treni. Hongera kwa mwalimu wake.

Wale wa kukagua kila miezi mitatu wana mtego wao. Idi ndogo ya 2024 ilikuwa Aprili 10. Ya 2025 ikawa Machi 31. Ukilinganisha Aprili ya 2025 na ya 2024, unalinganisha mwezi uliopoa na mwezi ulioanza na siku zake kumi moto kuliko zote. Biashara haikuanguka, Idi ndiyo iliyosogea, na kila mwaka husogea kama siku 11. Dawa yake ni kuandika kalenda mbili kwenye daftari, ya kawaida na ya Kiislamu, kisha ulinganishe Shaabani kwa Shaabani, Ramadhani kwa Ramadhani, Mfungo Tatu (mwezi wa Idi kubwa) kwa Mfungo Tatu. Mwenye hoteli naye alinganishe likizo kwa likizo, na muuza samaki alinganishe msimu wa upepo wa kusi kwa msimu wa kusi, maana bahari ikichafuka hata lengo zuri halivui.

Na kabla ya kugawanya chochote, safisha nambari. Taarifa ya til ya M-Pesa, ile nambari ya kupokelea malipo, si mauzo: mna michango ya harusi, pesa za chama, na shilingi elfu tano za shemeji zilizopitia hapo "mara moja tu". Zitoe zote. Mauzo ya mkopo yaandike kando, na deni lililopita siku 90 bila hata senti kulipwa usilitegemee kwenye mpango wa miezi iliyobaki. Kisha funga duka nusu siku uhesabu stoki kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, ukitenga mzigo ambao haujaguswa tangu Januari. Huo ndio wa kushushiwa bei. Mzigo unaotoka wenyewe uache na bei yake.

Hapo sasa ndipo lengo liguswe. Lile duka la leso lishuke hadi 3,200,000, zibaki 1,300,000. Msizigawe kwa sita mkapata 216,000 na ushei kila mwezi. Kila mwezi upewe uzito wake wa miaka iliyopita, Septemba kidogo, Desemba zaidi, na mzigo uagizwe kwa uzito huo huo. Wafanyakazi wanaolipwa kwa kamisheni waambiwe lengo jipya siku hiyo hiyo, wasilisikie kwa mpika chai.

Faida ni mada nyingine, ila duka lililotimiza mauzo kwa kupunguza bei hadi faida ikaisha halijatimiza kitu.

Kuna watakaosema hawana madaftari ya miaka iliyopita. Ajabu! Juni 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za kodi za mwaka uliopita, na zile nambari mlizoandika usiku wa manane zilitoka wapi?