Kichwa cha Treni kwa Bei ya Mbuzi

Mbukwenyi jamani. Mimi mtu wa Chang'ombe hapa Dodoma sidai makubwa. Siombi kiwanja Iyumbu, siombi cheo. Nataka kichwa cha treni kimoja cha mtumba, kile kidogo kinachokaa kiganjani, kwa bei ambayo mama Neema akiisikia hataitisha kikao cha ukoo. Hilo tu. Na limenishinda, katika mji ambao Mjerumani aliufikishia reli yake tangu 1910!

Nikisema treni za mfano, watu wananielekeza kwa wauza midoli: zile za plastiki, betri mbili, zinazunguka duara huku zinapiga kelele, jioni zimekufa. Siyo hizo. Nasemea treni zilizotengenezwa kwa kipimo. Zile zinazoitwa HO, kila kipimo cha treni ya kweli kimegawanywa kwa 87, magurudumu ni ya chuma, na umeme wake, volti 12 tu, unapanda kutoka kwenye reli kupitia magurudumu hayohayo. Mtu mzima na ndevu zake anaweza kuinunua bila kuona aibu. Haya, aibu kidogo.

Mpya sizigusi, kuuliza bei yake ni kujitafutia presha. Inabaki mtumba, na mtumba wa treni hauna robota lake. Hakuna anayefungua belo asubuhi akatangaza "leo treni, grade one!" Zinakuja kwa bahati, zimejichanganya na midoli ya Ulaya, kati ya dubu wa manyoya asiye na jicho na simu ya kuchezea. Unainama kwenye turubai pale Sabasaba unapekua, huku akina mama wanaotafutia wajukuu wanakusukuma kwa viwiko.

Sasa sikilizeni kanuni ya biashara hii. Lundo lote ni buku. "Buku buku buku, chagua baba!" Dubu buku, gari buku. Unaokota kichwa cha treni, bado buku. Lakini kipindue tu uangalie magurudumu, umekwisha. Kijana anaacha kuimba. Anakutazama usoni. "Mzee wangu, hicho siyo cha buku. Hiyo ni antiki." Antiki! Sasa hivi tu alikuwa amekikanyaga.

Ndipo anatoa simu, anakipiga picha, anakitafuta mtandaoni. Na mtandao hauna adabu: unamletea kichwa kipya kabisa, ndani ya boksi lake, duka la Ujerumani, yuro mia tatu na ushee. Ananionyesha kioo cha simu huku ananihurumia. "Hapa nakusaidia tu, mzee. Lete laki na nusu." Boksi liko wapi? Hakuna. Gurudumu la mbele? Hakuna. Bomba la moshi lilitafunwa na mtoto wa watu hukohuko Ulaya, alama za meno zipo. Yuro ndizo hazijatafunwa.

Laki na nusu, Msalato naondoka na mbuzi! Au twende kwa treni zenyewe. Nauli ya SGR kati ya hapa na Dar, daraja la kawaida, ilipoanza 2024 ilitangazwa Sh31,000. Piga hesabu. Naenda Dar narudi, naenda tena narudi, kwenye treni ya kweli yenye kiyoyozi inayofika kilomita 160 kwa saa, na inabaki elfu ishirini na sita ya nyama choma. Yaani kupanda treni nzima ni nafuu kuliko kununua kipande chake kisicho na gurudumu.

"Kizima hiki?" nauliza. "Kizima kabisa mzee, kilikuwa kinatembea kulekule kilikotoka." Maneno haya ningependa yaandikwe kwenye kanga. Kulekule! Nani atakwenda kuthibitisha? Ndiyo maana siku hizi natembea na betri ya volti 9 mfukoni na nyaya mbili. Waya mmoja unagusa magurudumu ya kushoto, mwingine ya kulia. Mota ikiwa hai inazunguka. Ikikaa kimya si lazima iwe imekufa. Mara nyingi grisi imeganda kwa kukaa darini miaka, au brashi za kaboni zimeisha. Ila hilo la grisi usilitamke mbele ya muuzaji, maana atakwambia "basi si unasafisha tu," na bei haishuki hata shilingi. Na kabla ya betri, angalia tumboni. Ukiona ulimi wa chuma kwa chini, hicho ni cha mfumo wa Märklin, kampuni ya Ujerumani, kinachukua umeme katikati ya reli. Kwenye reli zangu za kawaida kinapiga shoti. Nikamwonyesha kijana ule ulimi. "Huo wa ziada mzee, unaongeza nguvu." Uso mkavu.

Halafu kuna ugomvi wa vipimo. Ndoto yangu ni stesheni ya Dodoma, reli ya zamani na SGR juu ya meza moja. SGR haina shida: upana wake milimita 1,435, gawanya kwa 87, unapata 16.5, na ndio upana wa reli za HO zenyewe. Ya Mjerumani ndiyo yenye maringo. Upana mita moja, gawanya, inakaribia milimita 12, na za milimita 12 zinazotengenezwa nyingi ni treni za milima ya Uswisi. Bei zake nazo ziko mlimani. Kwa hiyo treni iliyokuja jana naimudu, ile iliyomleta babu inanishinda.

Zinazoonekana onekana ni za Uingereza. Hizo ni OO: mwili umegawanywa kwa 76, reli ileile ya 16.5. Enzi za kuanza, mota zilikuwa nene, haziingii kwenye vichwa vyembamba vya Kiingereza, wakavimbisha mwili, reli wakaiacha ilivyo. Ukirudisha hesabu, treni ya mwenzetu inatembea kwenye njia ya milimita 1,254. Si Reli ya Kati ya Mjerumani, si TAZARA yenye 1,067, si SGR. Ni njia ya nchi gani hiyo? Na muuzaji anaapa, "Saizi ya kimataifa hii, mzee."

Kuagiza nje? Nauli ya kifurushi inaizidi treni, na forodha bado haijakohoa. Binamu yangu yuko Birmingham, aliahidi kunitafutia huko. Akatuma viatu. Vizuri, saizi siyo.

Ukijaliwa kupata kitu, kuna vumbi. Upepo wa Julai hapa kwetu unaujua. Unaingia kwenye gia, reli zinafanya utando, umeme haupiti, nasugua kwa spiriti na kitambaa huku mama Neema amesimama mlangoni. "Baba Neema, ya kweli inapita pale, si ukaitazame bure." Sina jibu, maana kweli inapita.

Juzi nikapata akili. Kama bei inafuata macho ya mnunuzi, basi nipeleke macho yasiyojua kitu. Niliona behewa la mizigo kwenye turubai, nikapita kama sijaliona, nikamtuma mtoto wa jirani, yuko darasa la tatu. Nikampa buku ya behewa na mia tano ya ubuyu. Nikamnong'oneza: la kahawia, lenye magurudumu ya chuma, usicheke, usilipindue. Nikajibanza kwa muuza kahawa. Akarudi nalo, kwa buku ileile! Nikanyoosha mkono. Akalificha mgongoni.

"Babu, kwani hili lina magurudumu ya chuma kweli?"

"Linayo, lete hapa."

Akalipindua. Akayazungusha taratibu kwa kidole, akanitazama usoni.

"Basi elfu tano."