Kazi ya Mtoto

Mimi ni fundi wa stima, nina ndevu, nina watoto watatu, na ninakusanya wanasesere wa karatasi. Hilo la mwisho silitaji nikiwa mtaani kwetu Kondele, Kisumu.

Lawama ni za dada zangu. Nilizaliwa mvulana peke yangu kati ya wasichana wanne, na mdoli wetu alikuwa wa katoni ya majani chai, gauni lake karatasi ya kalenda iliyopitwa na mwaka. Kazi yangu ilikuwa kulinda mkasi. Ukubwani ndipo nikajua kwamba ng'ambo mchezo huo ulikuwa biashara ya watu tangu zamani. Mwaka 1810 duka la S. & J. Fuller la London lilikuwa likiuza Little Fanny, msichana wa karatasi mwenye kichwa kimoja cha kuchomoa. Unakihamisha gauni hadi gauni, kama balbu.

Basi Jumapili moja sokoni Kibuye, kwenye rundo la vitabu vya mtumba, nikafukua jarida la akina mama wa Marekani, McCall's, la miaka ya 1950. Magoti yakalegea. Hilo ndilo jarida lililoanza kumchapisha mdoli wa karatasi Betsy McCall mwezi Mei 1951, msichana wa miaka mitano mwenye mbwa wake Nosy, yule wa miguu mifupi na mwili kama soseji, pamoja na nguo za kukata. Nikafungua kwa vidole viwili. Ukurasa ulikuwepo, haujakatwa! Hebu fikiria: karatasi iliyotengenezwa ili ikatwe, ikapelekwa kwenye nyumba zenye watoto na mikasi, na kwa miaka sabini hakuna aliyeigusa. Nikauliza bei huku nikipiga miayo. Shilingi hamsini. Nikaomba nipunguziwe, muuzaji asije akashuku.

Wakusanyaji wenzangu tunajuana watano, mmoja yuko Nakuru na ndiye mwenye kelele kuliko wote. Nilipowatumia habari, akataka picha safi, siyo hizi zako za simu zenye kivuli cha kidole. Jumatatu nikapeleka ukurasa saiba.

Foleni ilikuwa ya akina mama pekee. Nikamkabidhi kijana bahasha, nikamnong'oneza, "Niskanie hii." Akaitoa akaiinua juu kama refa na kadi nyekundu.

"Mzee, hii ni nini?"

Akina mama wakageuka wote. Ulimi wangu ukajibu wenyewe, bila ruhusa: "Kazi ya mtoto. Ya shule, ya mtaala wa CBC."

Laiti ningesema ni ya kanisa! Hapo hapo simu ikalia, mteja wa Nyalenda, soketi yake inatoa moshi. Nikatoka nje kumweleza mahali pa kuzima. Niliporudi nikakaribishwa na harufu. Pua yangu ya kazi ikasema kuna waya unaungua, nikaanza kukagua ukuta. Ukuta ulikuwa salama. Harufu ilikuwa ya plastiki ya lamineshoni.

Betsy alikuwa mezani, amekatwa, anang'aa kama kitambulisho. Nguo zake zilipangwa kando, kila moja na plastiki yake. Vile vimasikio vya mabegani, vinavyokunjwa nyuma ili gauni lishike mwili, havikuwepo hata kimoja.

"Kulikuwa na vitu vimejitokezatokeza," kijana akasema, "nikavisafisha."

Nosy alikuwa hana mkia. Kwenye shavu la Betsy, chini ya plastiki, kulikuwa na kipovu cha hewa, kama mtu mwenye jino bovu.

"Uliskani kwanza?"

"Kuskani?"

Plastiki ile huyeyushwa kwa moto ikashikana na karatasi. Ukiibandua, unambandua na Betsy mwenyewe. Nilitaka kulia, lakini nilie vipi, mtu mzima na ndevu zangu, kwa sababu kazi ya mtoto imekatwa vizuri mno?

"Lamineshoni ni mia moja, mzee. Kukata nimekusaidia tu."

Nikalipa. Tena nikasema asante.

Mama mmoja akamwokota Betsy. "Baba, wako yuko gredi gani?"

"Ya tatu." Hiyo ilikuwa kweli.

"Wangu pia! Mbona hii sikuiona?" Akapiga picha.

Kufikia saa tatu usiku kundi la wazazi la WhatsApp lilikuwa linawaka. Mdoli ni wa lini? Lazima awe na mbwa? Mbwa awe bila mkia? Mwalimu akaandika kwamba hajatoa kazi kama hiyo. Wazazi wakamjibu kwamba wameiona kwa macho yao, imelaminishwa. Mimi nilikuwa nasoma kimya, chini ya blanketi. Jumatano mwalimu akachoka: sawa, leteni Ijumaa.

Alhamisi usiku binti yangu akanijia na katoni ya majani chai. "Baba, kila mtu ana mdoli isipokuwa mimi."

Saa tano nilikuwa bado mezani, ulimi nje, nachora gauni kwenye kalenda ya mwaka jana. Vimasikio niliviacha, vinne kila gauni, na nikampa mbwa mkia mrefu hadi ukafika kwenye tarehe ya Desemba.

Ijumaa jioni binti akarudi amenuna.

"Mwalimu amesema mdoli ni mzuri," akaniambia, "lakini mbwa wetu tumemkosea. Ya wenzangu yote haina mkia."