Afya ya Matiti Mombasa: Mazoea Yapi Yana Uzito?

Kila ifikapo Oktoba, mwezi uliotengwa duniani kwa ajili ya saratani ya matiti, jumbe za sauti huzagaa katika simu za wanawake wa Mombasa zikiwaonya wasivae sidiria yenye waya, wasilale nayo, wasiweke pesa wala simu kifuani, na waachane na dawa za kwapa. Upande wa pili wapo wanaozipuuza jumbe hizo wakisema kwamba maradhi ni majaaliwa, na kwamba hata mabibi zetu waliokula samaki na mchicha wa nazi, wasiojua sidiria ni kitu gani, nao waliugua maziwa wakafa. Kila upande una chembe ya kweli. Lakini nadhani mabishano hayo yanazunguka mazoea yasiyo na uzito mkubwa, huku zoea moja linalowamaliza wanawake wetu likipita bila kuguswa.

Tuanze na sidiria, kwa kuwa ndiyo inayosemwa zaidi. Ndani ya matatu ya kwenda Bamburi si ajabu kumwona mama akipenyeza mkono chini ya buibui na kutoa noti iliyolowa jasho, naye utingo akaipokea kwa ncha za vidole. Hofu iliyopo ni kwamba kubanwa huko huzuia uchafu wa mwili usitoke, hata ukageuka saratani. Mwaka 2014 watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanawake 1,513 wenye umri wa miaka 55 hadi 74, waliougua na wasiougua, wakiwauliza walianza lini kuvaa sidiria, waliivaa saa ngapi kwa siku na kama ilikuwa na waya. Hawakuona uhusiano wowote na saratani. Sidiria inayobana katika joto na unyevu wa pwani yetu huleta harara na fangasi chini ya ziwa, na hiyo ni sababu tosha ya kuilegeza na kuibadilisha kila siku. Lakini fangasi ni fangasi.

Dawa za kwapa nazo zina kisa chao. Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walikuta kemikali za kuhifadhia vipodozi, zinazoitwa parabeni, katika vipande 20 vya uvimbe wa saratani ya matiti, na habari hiyo ikaenea haraka. Walichokosa kukifanya ni kulinganisha vipande hivyo na nyama ya titi lenye afya, na kukuta kitu mahali pa maradhi hakuthibitishi kwamba ndicho kilichoyaleta. Miaka miwili kabla yake, utafiti mwingine wa Marekani ulikuwa umewahoji wanawake 813 wenye saratani hiyo na 793 wasio nayo, na matumizi ya dawa za kwapa hayakuonyesha tofauti.

Hata hivyo, si kila hofu ya vipodozi ni porojo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, uliowafuatilia wanawake karibu 47,000 ambao wote walikuwa na dada aliyewahi kuugua, ulionyesha kwamba waliotumia rangi ya kudumu ya nywele waliugua zaidi kwa asilimia 9 kuliko wasioitumia, na kwa wanawake weusi tofauti ilifika asilimia 45. Dawa za kunyoosha nywele pia zilitajwa. Mwaka uliofuata, utafiti mkubwa zaidi wa wauguzi zaidi ya 117,000, wengi wao wazungu, haukuona ongezeko hilo kwa jumla. Suala bado liko wazi, na mwanamke mweusi ana haki ya kuuliza ni upi kati ya tafiti hizo unaomhusu. Nina sababu ya kulitaja jambo hili Mombasa: piko ya maarusi, yale maua meusi ya mikononi, mara nyingi hukorogwa kwa rangi hiyo hiyo ya nywele. Tafiti nilizozitaja zilihusu nywele na si maua ya mikono, kwa hiyo siwezi kuzitumia kumtisha bibi harusi. Ila inajulikana vyema kwamba rangi hiyo huchoma ngozi za baadhi ya watu, na hina safi ni nadra kuleta tabu hiyo.

Mazoea ambayo ushahidi wake umesimama imara hayana mvuto wa kusimuliwa. Pombe huongeza hatari kadiri inavyonywewa, hata kwa kiasi kidogo, jambo ambalo kwa Waislamu wengi wa Mji wa Kale halina mjadala, ingawa kwa wapenzi wa mnazi na bia lingefaa kusemwa waziwazi kuliko linavyosemwa. Unene baada ya kukoma hedhi una uzito zaidi kwetu, kwa sababu wakati huo ovari zimekwisha kazi na mafuta ya mwili ndiyo yanayoendelea kutengeneza estrojeni, homoni inayolisha saratani nyingi za matiti. Mahamri kwa mbaazi na chai ya sukari asubuhi, tuktuk hadi Marikiti, kisha kuketi hadi magharibi: maisha haya ni ya watu wengi, na kuyabadilisha kunasaidia moyo na kisukari kabla hata hatujafika kwenye titi. Lakini mwenye kumwambia mama wa Majengo atembee dakika 150 kwa wiki aseme pia atapita wapi, kwa maana kando ya barabara nyingi pamejaa vibanda na bodaboda, na si kila mtu anakaa karibu na bustani ya ufukweni ya Mama Ngina.

Kunyonyesha ni mfano bora wa zoea linaloitwa la mtu binafsi na kumbe si la mtu peke yake. Uchambuzi wa tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3, mbali na kinga itokanayo na uzazi wenyewe. Waislamu wa hapa wanaijua aya ya 233 ya Suratul Baqara inayotaja miaka miwili kamili, kwa hiyo nia ipo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Mhudumu wa hoteli au mshonaji wa kiwandani ambaye hana pa kukamulia maziwa hawezi kulaumiwa kwa kumwachisha mtoto mapema.

Na lawama ndiyo kasoro kubwa ya mahubiri ya mazoea. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba takriban nusu ya saratani za matiti huwapata wanawake wasio na kihatarishi chochote kinachojulikana isipokuwa kuwa mwanamke na kuvuka miaka 40. Aliyenyonyesha watoto watano, asiyeonja pombe na mwenye mwili mwembamba anaweza kuugua. Akiwa ameaminishwa kwamba ugonjwa ni matokeo ya uzembe, ataona haya kuusema, na hapo ndipo tunapofika kwenye zoea nililolitaja mwanzoni, yaani kukawia.

Nchini Kenya wanawake wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Sababu zinajulikana mitaani. Uvimbe hauumi, kwa hiyo haumsumbui mtu. Mama anayenyonyesha huambiwa ni maziwa yameganda, akandwe kwa maji moto, na mara nyingi huwa kweli, jambo linaloifanya ile mara ambayo si kweli iwe ya hatari zaidi. Uvimbe usioondoka baada ya wiki mbili tatu unahitaji kupigwa picha hospitalini, mwenye nao awe ananyonyesha au la. Wengine hudhani ni jicho la hasidi wakanywa kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Mimi sina ugomvi na kombe, kwa kuwa halimzuii mtu kupanda matatu hadi hospitali ya Makadara siku hiyo hiyo. Kinachozuia ni nauli, ruhusa ya mume, haya ya kuguswa na daktari wa kiume, na woga kwamba kukatwa kipande kidogo cha nyama kwa ajili ya kipimo ndiko "kunakoiamsha" saratani, imani isiyo na msingi.

Jibu tulilozoea kupewa ni kwamba kila mwanamke ajipapase mwenyewe kila mwezi. Hapa pia ushahidi ni mchungu kidogo. Huko Shanghai wanawake zaidi ya 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili, moja likafundishwa kujichunguza, na matokeo ya mwaka 2002 yakaonyesha kwamba vifo havikupungua. Kilichoongezeka ni upasuaji wa uvimbe usio na madhara. Utafiti wa Mumbai, ng'ambo ya bahari yetu hii, ulitoa picha tofauti: wahudumu wa afya waliofunzwa waliwapapasa wanawake kila baada ya miaka miwili, na ripoti ya mwaka 2021, baada ya miaka 20, ikaonyesha vifo kupungua kwa karibu asilimia 30 kwa waliofikia miaka 50 na zaidi, ingawa kwa walio chini ya umri huo manufaa hayo hayakuonekana.

Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 wanaozunguka nyumba kwa nyumba, na nyanya wa Likoni angemkubali jirani yake kuliko daktari asiyemjua. Ningeunga mkono wahamasishaji hao wafunzwe kazi hiyo ya kupapasa, kwa sharti moja. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la siku 60 kati ya mgonjwa kufika kituoni na kupata majibu kamili. Kabla ya kumtuma mhamasishaji wa kwanza, kaunti ipime na kutangaza ni siku ngapi mwanamke wa Likoni husubiri sasa, tangu siku anayofika zahanati hadi majibu ya kipimo cha kipande cha nyama yanapotoka, na ni kiasi gani analipa mfukoni mwake. Zikizidi 60, fedha za mafunzo zielekezwe kwanza kwenye maabara.